Kusubiri Kibali Lisbon, Kufuatilia Kibali Mwananyamala

Kazi yangu hapa Lisbon ni kupanga mafaili ya watu wanaoomba ukaazi kwa njia ya uwekezaji, ule mpango ulioanzishwa na Ureno mwaka 2012 ambao watu huuita viza ya dhahabu. Ukiweka euro 500,000 kwenye mfuko wa uwekezaji unaokubalika, unaruhusiwa kuomba, na hata kuishi huku si lazima; wastani wa siku 7 kwa mwaka unatosha. Zamani ungeweza pia kununua nyumba, mpaka sheria ya Oktoba 2023 ilipoifunga njia hiyo. Ndugu zangu wa Mwananyamala, nyumbani Tanzania, hudhani mwenye fedha kama hizo anapewa kibali chapuchapu. Hapewi. Wapo waliosubiri miaka.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2023 idara ya zamani ya wageni, SEF, ilivunjwa, na AIMA iliyoshika nafasi yake ikarithi maombi ya kila aina yapatayo 400,000. Mwaka 2024 serikali ikaunda kikosi maalumu cha kuyapunguza, na kituo chake hapa Lisbon kikafunguliwa kwenye jengo la jumuiya ya Wahindu.

Kinachowamaliza waombaji ni karatasi kuisha muda huku wakisubiri. Fungua faili lolote la zamani mezani kwangu: utakuta cheti cha polisi, mihuri yake, na tafsiri ya Kireno iliyothibitishwa. Juu yake kuna cheti kingine chenye jina lilelile na majibu yaleyale, ila tarehe mpya, na gharama zote zimelipwa upya. Ndiyo maana huwaambia wateja wasiache kazi wala kuuza nyumba kabla kadi haijafika mkononi.

Nyumbani mtu hasubiri, anafuatilia. Mjomba wangu amepangisha godauni lake Mwananyamala Kisiwani kwa mgeni anayeanzisha kiwanda kidogo, na mgeni huyo anahitaji kibali cha ukaazi daraja A, kile cha wawekezaji. Mjomba ndiye anayekwenda naye ofisi ya uhamiaji. "Habari za kazi, afande, tumekuja tena kwa lile faili letu." Wanajibiwa kwamba mkubwa yupo kikaoni, au mtandao unasumbua, njooni Alhamisi. Alhamisi wanarudi. Siudharau utaratibu huu. Kuna mtu anayekutazama usoni na kulikumbuka faili lako, jambo ambalo wateja wetu hapa wangelitamani sana. Lakini mgeni asiye na mjomba afanyeje? Na mama lishe aliyeolewa ng'ambo, akarudi na pasipoti ya kigeni, atamtuma nani akapige foleni? Kufuatilia kunakula nauli na siku za kazi, kisha kunamfungulia mlango mtu wa kuomba chai.

Huku waliocheleweshwa walikwenda mahakamani. Mahakama ya utawala ya Lisbon ilifurika kesi za watu wanaotaka ofisi iamriwe kuwajibu. Halafu Machi 2024 ikatoka sheria kwamba miaka ya kufikia uraia ihesabiwe tangu siku mtu alipoomba kibali, mradi tu kikubaliwe baadaye. Foleni haikuisha, ila hasara ya kuchelewa haikumwangukia mwombaji peke yake. Mwaka 2025 serikali ilipopendekeza kuitengua hesabu hiyo, simu za ofisini kwetu hazikunyamaza.

Kwamba hasara ya kuchelewa isimwangukie mwombaji peke yake, hilo ndilo ninalolitaka kwetu, na wakati wake ni sasa. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo mzaliwa wa Mwananyamala aliyechukua pasipoti ya Uingereza akirudi kujenga au kufungua biashara, anarudi kama mgeni. Serikali imekuja na Hadhi Maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na nimeifurahia kwa dhati. Ombi langu kwa wanaosimamia kanuni zake ni hili: waandike muda wa mwisho wa kutoa jibu, karatasi iliyokuwa hai siku ya kupokelewa ihesabiwe hai mpaka jibu litoke, na tarehe ya risiti iwe na nguvu kisheria. Nanyi wenzangu mlio ughaibuni, waandikieni wabunge wa majimbo mlikozaliwa mkidai mambo hayo matatu.