Nilisingizia Umeme

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilipoteza kumbukumbu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Kimara, Dar es Salaam, kisha nikawaambia kwamba umeme ndio ulioziharibu. Haukuwa umeme. Nilikuwa mimi, na majaribio niliyoyafanya kwenye mashine iliyobeba mambo ya watu bila kumwuliza hata mmoja wao. Naandika haya kwa sababu uongo ule ulimwangukia mtu asiye na kosa, na kwa sababu mitaani kwetu wapo vijana wengi wa kompyuta waliokabidhiwa vitu vya watu kama nilivyokabidhiwa mimi.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, ya aina ile inayoletwa kutoka nje baada ya maofisi kuichoka: memori ya gigabaiti 8, diski moja ya gigabaiti 500. Niliiweka sebuleni nikaifanya seva. Mama yangu mdogo ni katibu wa kikundi, na kila baada ya kikao alipita nyumbani, akaunga simu yake kwenye Wi-Fi na kuingiza hesabu: hisa, mikopo, marejesho, faini na michango ya mfuko wa jamii. Watoto wa majirani walisoma masomo ya Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, bila kutumia bando. Na zilikuwapo picha.

Picha zinahitaji maelezo. Mwaka 2017 nyumba na maduka mengi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Baadhi ya wanakikundi walikuwa wakiishi huko. Waliniletea picha za nyumba zao, nyingine za karatasi nikaziskani, nyingine zikiwa ndani ya simu zilizokuwa zinakaribia kufa. Mama mmoja alikuwa na picha ya mume wake amesimama kwenye msingi siku walipoanza kujenga. Mume alishafariki, nyumba haipo, na simu ile haiwaki tena. Nilimwahidi kwamba kwangu picha ile iko salama.

Nilikuwa pia nimewashawishi waliache daftari kubwa la hesabu. Niliwaambia karatasi huliwa na mchwa na hulowa mvua zikinyesha, lakini kompyuta haisahau. Waliniamini kwa kuwa nilisoma.

Kilichonivuta kwenye mashine pepe ni tamaa ya kujifunza, na tamaa hiyo siionei haya. Matangazo ya kazi niliyokuwa nayasoma yalitaka mtu anayejua kuigawa kompyuta moja iendeshe mashine kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake. Wazo hili lina umri mrefu. IBM ililifanyia kazi miaka ya 1960 kwenye kompyuta zake kubwa, na mwaka 1972 ikalitangaza kwa wateja kwa jina la VM/370. Miaka miwili baadaye, 1974, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo ya hesabu za kompyuta katika Wizara ya Fedha. Wakati wenzetu wanazigawa mashine, sisi tulikuwa tumefunga mlango. Mwaka 2005 Intel ilianza kuweka uwezo wa kusaidia mashine pepe ndani ya prosesa za kompyuta za kawaida. Mwaka 2007 KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, ikaingizwa katika kiini cha Linux. Na mwaka 2008 ikatoka Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe, iliyotengenezwa Vienna na ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Nilipoingia kwenye mipangilio ya BIOS nikakuta ile kompyuta yangu ya mtumba ina uwezo huo, umezimwa tu, nilifurahi kama mtu aliyefikiwa na zamu yake. Nikauwasha.

Nilipaswa kutafuta diski nyingine. Nilipaswa angalau kumwambia mama mdogo: nataka kubadilisha mambo, tuchape hesabu kwanza. Sikusema kitu. Nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, kwa kuwa Proxmox ikisakinishwa hufuta yote yaliyokuwamo, kisha nikaisakinisha. Nikaunda mashine pepe moja ya kikundi na picha, nyingine ya masomo ya watoto, na nyingine za mazoezi yangu. Ilifanya kazi vizuri sana. Mama mdogo aliingiza hesabu kama kawaida, hakuona tofauti yoyote. Baadaye rafiki yangu alihitaji mahali pa kuhifadhi video za harusi, nikaifuta ile diski ya nje nikampa. Tangu hapo hesabu na picha zilibaki na makao mamoja tu.

Niliziona ziko salama kwa sababu ya snapshoti. Kabla ya kila jaribio niliamuru mfumo ukumbuke hali ya mashine ilivyo wakati huo, ili nikikosea niirudishe nyuma. Nilizipanga kwa tarehe na kujiona mwangalifu. Lakini snapshoti haiweki nakala pembeni. Huzuia tu vipande vya zamani visifutwe, hapo hapo kwenye diski ile ile, na kila unapoandika kitu kipya, cha zamani nacho kinaendelea kukalia nafasi. Diski ikifa, zote hufa pamoja nayo. Hifadhi ikijaa, zenyewe ni miongoni mwa vilivyoijaza.

Nayo hifadhi ilikuwa inajaa. Kwa mpangilio niliotumia, kila mashine pepe huahidiwa diski ya ukubwa fulani, lakini nafasi halisi haitolewi mpaka kitu kiandikwe. Ni sawa na mwenye nyumba wa vyumba sita anayechukua kodi ya wapangaji kumi kwa kuwa wengine huwa safarini. Mambo humwendea vizuri mpaka usiku ambao wote wamerudi kulala. Ahadi nilizotoa zilikaribia mara mbili ya diski niliyokuwa nayo. Hata nilipofuta mafaili ndani ya mashine za mazoezi, nafasi haikurudi, kwa kuwa sikuwa nimewasha amri ya kuirejesha, na snapshoti zilikuwa zimevishikilia vipande vile.

Jioni moja nilikuwa nanakili faili kubwa kwenye mashine ya mazoezi. Hifadhi ikafika mwisho. Mashine ya kikundi haikuwa na habari. Kwa hesabu zake ilikuwa na nafasi tele. Ikajaribu kuandika, ikakataliwa, ikajaribu tena, kisha mfumo wake wa mafaili ukavurugika. Hapo nikafanya kosa la pili. Badala ya kuzima kila kitu na kuinakili diski nzima ilivyo kabla ya kugusa chochote, niliendesha amri za ukarabati moja kwa moja juu ya nakala pekee iliyokuwapo duniani. Zilinirudishia mafaili yasiyo na majina, na picha ambazo juu unaona anga na paa la bati, chini ni kijivu kitupu. Jedwali la hesabu halikufunguka tena.

Usiku huo huo umeme ulikatika, kama ulivyokuwa ukikatika mara kwa mara kipindi kile cha mgao. Ulipokatika, uharibifu ulikuwa umekwisha kutokea. Nilikaa gizani nikijua kwamba nimepata la kusema.

Jumapili nilikwenda kwenye kikao chao Kimara Korogwe. Nilimwamkia mweka hazina, mama wa makamo anayewajua wanachama wote kwa majina ya watoto wao.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Vipi, hesabu zetu?”

“Umeme, mama. Ulikatika, ukarudi kwa nguvu, diski ikaungua.”

Wakanipa pole. Mmoja akasema friji yake nayo iliungua. Mwingine akaniuliza kama kompyuta yangu ilikuwa ya bei kubwa. Walinihurumia, nami nikaipokea ile huruma.

Wakaanza kuzijenga upya hesabu, na hapo niliona jinsi walivyonizidi maarifa. Sanduku la fedha la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Kila mwanachama ana kitabu chake, na hisa zake hugongwa muhuri mbele ya wote. Wanaolipa kwa simu wanao ujumbe wa malipo. Mpango huo waliufuata kabla mimi sijawaletea kompyuta yangu: hakuna kitu cha maana kinachokaa mahali pamoja wala mikononi mwa mtu mmoja. Kwa vitabu hivyo, hisa zote zilipatikana, na mikopo karibu yote.

Visivyopatikana ni faini na michango ya mfuko wa jamii iliyolipwa taslimu. Zamani hivyo viliandikwa kwenye daftari kubwa, lile nililowaambia waliache. Fedha zilizokuwa sandukuni zilihesabiwa, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha zilipaswa kuwa kiasi gani. Pengo hilo lilizaa maneno. Hayakusemwa kikaoni. Yalisemwa kisimani, dukani na ndani ya basi la Mwendokasi: kwamba hesabu zimepotea wakati mzuri kwa mtu fulani, kwamba mweka hazina anajua alichokifanya. Mama mdogo alinisimulia kwa uchungu, kwa kuwa mweka hazina ni rafiki yake. Nilitikisa kichwa, nikasema watu wana maneno. Neno moja kutoka kwangu lingemsafisha mama yule siku hiyo hiyo. Nililimeza.

Kisha kikundi kikaamua kununua UPS, kifaa chenye betri cha kuikinga kompyuta umeme unapokatika, kwa fedha za mfuko wa jamii, ili umeme usiwaharibie tena. Mfuko huo ni wa misiba na wagonjwa. Walinipa fedha mkononi, nikaenda Kariakoo, nikainunua, nikawaletea risiti. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisimulia kuliko yote. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu. Huu wa pili niliutendea kazi kwa utulivu, nikapanda gari na kupatana bei.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme, na kadiri miezi ilivyokwenda mgao ulipungua. Maneno juu ya mweka hazina hayakupungua. Siku moja nilimkuta amekaa peke yake akijumlisha vitabu vya wanachama upya, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Nikamwambia yote pale pale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu alichokuwa nacho.

“Umeme hauna mdomo wa kujitetea, mwanangu,” alisema. “Mimi ninao, na bado sikuaminiwa.”

Jumapili iliyofuata nilisimama kikaoni nikakiri kwamba umeme haukuhusika, kwamba nilikuwa nafanya majaribio, na kwamba mweka hazina hakugusa chochote. Nililipa bei ya UPS kwenye mfuko wa jamii. Baadhi walinisamehe, wengine waliniuliza maswali magumu, na mama wa ile picha hakuniuliza kitu. Mzunguko ulipoisha mweka hazina alikataa kuchaguliwa tena, japo waliomsema walimbembeleza.

Sasa natumia utaratibu unaojulikana sana kwa watu wa fani hii: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa nyumba nyingine. Ile ya nje iko kwa mama mdogo. Kila baada ya muda tunaifungua pamoja na kulinganisha, kwa kuwa nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Majaribio nayafanya kwenye mashine nyingine isiyo na jambo la mtu. Daftari kubwa limerudi, na linaandikwa kikaoni mbele ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisipotee, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama hiki. Sheria zote mbili zilikuwapo nilipofanya niliyoyafanya. Nilidhani zinawahusu wenye ofisi.

Lipo jambo moja ambalo hata siku ile kikaoni sikulisema. Nilisema nilikosea mpangilio, na waliosikia walielewa kwamba sikujua. Nilijua. Nilipokuwa naunda ile mashine ya mwisho, mfumo uliniandikia onyo kwamba jumla ya diski nilizoahidi imezidi hifadhi iliyopo, na kwamba sijaweka kinga ya kuiongeza itakapojaa. Nililisoma onyo hilo na kulielewa. Niliendelea kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje, na niliweza kuendelea kwa sababu hesabu zile na picha zile hazikuwa zangu. Zingekuwa fedha zangu, au picha ya baba yangu, ningesimama. Akina mama wanastahili kulijua hilo kabla hawajaamua kama waendelee kuniachia hesabu zao, na nimemwomba mama mdogo awasomee maandishi haya kikaoni, yote, bila kuruka mstari.