Motokari Yetu Ndogo na Usukani wa Kuume

Tangu tununue motokari yetu, jirani na wakwe hawaachi kutuuliza: «Je, yafaa?» Leo tutawajibu kwa urefu kidogo, kwani jibu lenyewe si moja.

Ni Toyota Vitz ya namna ya kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999. Huko Ulaya yaitwa Yaris, na waandishi wa habari za motokari waliichagua kuwa motokari bora ya mwaka 2000. Mashine yake ni ndogo, sentimeta za ujazo 997 tu. Urefu wake haufiki meta 4, wala uzito wake haufiki tani moja. Ilipotufikia hapa Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuzeeka, lakini uzee wa heshima.

Kwa kazi za kila siku mjini hatuna neno baya juu yake. Asubuhi yapeleka watoto watatu shuleni, kisha sisi kazini; jioni yapita soko la Kenya kuchukua unga wa bukari na mboga. Gunia la makaa, kweli, halienei nyuma mpaka tulaze viti, na hapo watoto sharti warudi kwa miguu, nao hunung'unika njia nzima. Esansi yanywa kidogo. Vyuma vya kubadili vyapatikana kila mahali, vipya na vikuukuu, na hakuna fundi asiyeijua. Wakati wa mvua ndipo tunapoilaumu: tumbo lake li karibu na ardhi, na shimo lililojaa maji halionyeshi kina chake. Basi twangoja mwenye gari kubwa atangulie, tukatazama anazama mpaka wapi.

Lakini liko jambo zito zaidi. Motokari za namna hii hutoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, hupita Tunduma, huvuka Zambia nzima, na kuingia kwetu Kasumbalesa. Katika nchi hizo zote watu huendesha upande wa kushoto wa njia. Ndiyo maana usukani umewekwa kuume. Sisi wa Kongo twaendesha upande wa kuume. Motokari ikivuka mpaka yabadili upande wa njia, na usukani wabaki palepale.

Mjini haidhuru sana. Katika njia kuu ya Likasi ni shauri lingine. Dereva ameketi upande wa majani, na mbele yake liko lori lililobeba shaba. Akitaka kujua kama njia ni wazi, sharti aitoe karibu motokari nzima katikati ya barabara. Kwa hiyo tumezoea kuendesha wawili: mmoja hushika usukani, na mwingine, aliye kushoto, humwazima macho yake. «Bado, Papa. Bado. Sasa pita.»

Siku moja Mama alibaki Likasi kumwuguza nyanya ya watoto. Tukarudi na kijana wetu wa miaka 12, naye akaketi mahali pa mama yake kwa fahari kubwa. Tulifuata lori moja muda mrefu. Jua likashuka, na subira yetu ikashuka pamoja nalo. Tukamwuliza: «Njia iko wazi?» Akatazama vema, akajibu: «Iko wazi, Papa.» Wala hakusema uongo. Aliliona basi, ila alilidhani mbali.

Tulipotoka nyuma ya lori, basi lile lilikuwa limekwisha kutukaribia, taa zake zikiwaka. Mashine yenye nguvu za farasi 70 hailipiti lori refu kwa dakika ya hofu. Tukakanyaga breki, tukajirudisha nyuma ya lori, na upepo wa basi ukatikisa vioo. Hakuna aliyeumia. Mtoto hakulia, alisema tu: «Ni mimi.»

Neno hilo lilituchoma kuliko hofu yenyewe. Tukamwambia kwamba si yeye. Ni sisi tuliomtwika mtoto kazi ya mtu mzima. Hatujui kama alisadiki.

Fundi mmoja alijitolea kutuhamishia usukani upande wa kushoto. Tulikwenda kutazama kazi yake: vyuma vilivyokatwa na kuungwa kwa moto, na kanyagio la breki lililohamishwa kwa namna iyo hiyo. Tukaikumbuka breki ile tuliyoikanyaga njiani. Tukamshukuru, tukaenda zetu.

Basi, anayetuuliza twamwambia: kwa mji, inunue, kwa safari ndefu, usiende bila mtu mzima kushoto kwako, na asipokuwapo, fuata lori mpaka mwisho. Sisi wenyewe Likasi twaenda kwa basi.

Katika Vitz, saa ya mwendo haiko mbele ya dereva bali katikati, hata wa nyuma aweza kuisoma. Kijana wetu sasa huketi nyuma, shingo ameinyosha kati ya viti viwili. «Hamsini, Papa,» hutangaza, bila kuulizwa. «Hamsini na tano.»