Alama Zinazopotea Kabla ya Kukufikia

Mwanafunzi, tazama swali hili: "Tofautisha maana: (i) ngoa (ii) ngoa." Usijikune kichwa. Mtunzi alikusudia ngoa, yaani tamaa au wivu, na ng'oa, yaani kutoa kitu kilichoshika ardhini. Ritifaa ilidondoka wakati wa kuchapa, na swali likafa nayo.

Nafundisha Kiswahili, na karatasi za majaribio zinazouzwa shuleni hunifikia zikiwa na kasoro za namna hii muhula baada ya muhula. Moja iliniudhi kweli. Katika uchanganuzi wa sentensi, mfano ulichapishwa hivi: S à KN + KT. Niliposahihisha, nilikuta wanafunzi kadhaa wameinakili hiyo à katika kila mstari wa jibu, pamoja na kimkwaju chake cha juu, wakiamini kuwa ni alama ya sarufi. Niliwapa maksi zao. Mtahini asiyewajua je, angewapa?

Kisa chenyewe ni hiki. Ukichapa vistari viwili na alama ya > katika Microsoft Word, programu huvigeuza kuwa mshale. Lakini mshale huo ni mchoro wa fonti iitwayo Wingdings, uliowekwa mahali pa herufi à. Fonti ikibadilishwa, au faili ikifunguliwa kwenye simu isiyo na fonti hiyo, mchoro hutoweka na à hujitokeza. Ukitaka mshale usiokusaliti, chapa 2192, kisha ubonyeze Alt na X kwa pamoja. Namba hugeuka kuwa →, na huo ni mshale hata katika fonti nyingine.

Njia hiyohiyo itakufaa unapoandaa muhtasari wa sauti za Kiswahili katika chumba cha kompyuta. 014B hukupa ŋ, sauti ya ng' katika ng'ombe. 00F0 ni ð ya dhahabu, 03B8 ni θ ya thelathini, 0263 ni ɣ ya ghali. Ile Ø tunayoiweka pale nomino isipotajwa katika kikundi nomino ni 00D8. Usiibandike sifuri iliyokatwa kwa mstari, haipendezi na haisomeki.

Shadda ndiyo yenye vituko. Bara'bara ni njia. Ba'rabara ni sawasawa. Alama yake kamili ni 02C8, ila hapa uwe mwangalifu: namba hizi huandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi A hadi F, kwa hiyo ukiichapa mara tu baada ya ba, Word yaweza kuzihesabu b na a kuwa sehemu ya namba. Teua 02C8 pekee kwa kipanya, ndipo ubonyeze Alt na X. Ukitumia ritifaa ya kawaida mwanzoni mwa neno, kama 'baba, Word huipinda ikawa alama ya kufungua usemi. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo, itanyooka.

Utasema KCSE huandikwa kwa kalamu. Ni kweli, lakini unadurusu kwa karatasi zilizochapwa, na sehemu ya matumizi ya lugha katika 102/2 ina maksi 40. Basi ukiona à katikati ya uchanganuzi, soma mshale. J iliyosimama peke yake mwishoni mwa sentensi ni uso wa tabasamu uliopoteza fonti yake, ipuuze. Kisanduku kitupu kina maana kwamba fonti haikuwa na herufi iliyohitajika, kwa hiyo muulize mwalimu wako ilikuwa ipi. Maneno mawili yaliyofanana kabisa katika swali la kutofautisha maana? Jaribu kwanza ritifaa, kisha shadda. Na katika kijitabu chako cha majibu, iweke ritifaa ya ng' juu, kati ya g na irabu inayofuata, wala si chini kama mkato.