Tuulizwe Kabla ya Jiwe la Msingi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na hawakukosea. Lakini leo nataka tuangalie upande wa pili: kuulizwa. Hapa kwetu Garissa kuna wazee waliofika uzeeni bila kuulizwa lolote kuhusu mji wao. Mimi nina miaka 16 na sitaki kuzeeka hivyo.

Ubishi ulianzia kwenye mjadala wa chama chetu cha Kiswahili. Hoja ilikuwa hivi: mahali penye historia ndani ya chuo kikuu pabomolewe pajengwe upya, ama paachwe? Mmoja akatoa mfano wa Makerere kule Uganda. Jengo lao kuu, lililojengwa mwaka 1941, liliungua Septemba 2020, nao wakalijenga tena kwa sura ile ile ya zamani. Lakini wacha niseme ukweli, sote tulijua tunazungumzia chuo gani. Tulikuwa tukizungumzia Chuo Kikuu cha Garissa.

Wazazi wetu walikijua kama chuo cha walimu. Mwaka 2011 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab wakakivamia, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wengi walionusurika wakahamishiwa Eldoret. Januari 2016 kikafunguliwa, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mimi nilikuwa mdogo mno siku ile. Nakumbuka tu mlio wa helikopta na mama akitukataza kutoka nje.

Basi darasa likagawanyika. Msichana mmoja akasema, "Paachwe vile vile! Mtu atalalaje usingizi mahali wenzake walipomalizwa?" Mwingine akaruka juu, "Bwana, chuo si kaburi! Dada yangu anasoma pale, anataka chumba cha kulala na mahali pa kusomea." Wote wawili walipigiwa makofi. Mimi nikajiuliza: hivi sisi tunabishana, lakini siku mchoro ukichorwa, nani ataitwa kusema haya?

Nauliza kwa sababu nimewahi kuona watu wakiitwa. Mwaka jana nilimsindikiza ayeeyo, ndivyo tunavyomwita nyanya, kwenye mkutano wa kutoa maoni juu ya mradi fulani mtaani. Tangazo lilibandikwa jana yake. Tulipofika, ramani ilikuwa imeshachorwa, imepakwa na rangi. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Akina mama walikaa nyuma kabisa. Ayeeyo alinyoosha mkono hadi ukachoka, hakuna aliyemwona. Mwishowe tukapewa soda, tukatia sahihi, mkutano ukafungwa. Njiani akaniuliza, "Mjukuu wangu, nimetia sahihi ya nini?" Nilikosa jibu.

Jamani, kushirikishwa si hisani. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tena jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kisomali walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka kila mmoja akatosheka. Kasoro ni kwamba akina mama na vijana hawakukalishwa pale.

Na sauti ya mtu mmoja si bure. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, bila kuuliza wananchi. Marehemu Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa mpaka bungeni. Jumba halikujengwa. Leo watu wanapunga upepo pale.

Kuna la karibu zaidi. Mwaka 1980, baada ya mtaa wa Bulla Kartasi kuchomwa, watu wa Garissa walikusanywa na askari, wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ayeeyo anayakumbuka hayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye angependa yakumbukwe vipi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo, siku ya kujenga upya pale chuoni ikifika, naomba mambo manne. Kwanza, watu waulizwe kabla ya mchoro, si baada. Pili, wasiulizwe wa Garissa peke yao. Wazazi wa waliouawa wametawanyika pembe zote za Kenya, na walionusurika pia wako mbali. Wafuatwe huko huko waliko. Tatu, mazungumzo yawe kwa Kiswahili na Kisomali, ili hata mama muuza maziwa aelewe. Nne, majibu yarudi. Kama maoni yangu yamekataliwa, niambiwe kwa nini.

Mkiniuliza mimi, nitasema vyumba vijengwe, masomo yaendelee, kwa sababu wale waliouawa walikuja kusoma. Lakini majina yao yaandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi atapita akienda darasani. Nairobi walifanya hivyo pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998: pakawa bustani, na majina yako ukutani. Hata hivyo, haya ni maoni ya mtu mmoja wa kidato cha tatu. Mama aliyempoteza mwanawe pale huenda ana neno tofauti kabisa, na neno lake ni zito kuliko langu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwendee, umuulize, kisha umsikilize. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiona tangazo la mkutano limebandikwa mahali, lisomeni mpaka mwisho, muwasomee na nyanya zenu nyumbani.