Viper, Subaru na kitanda changu

Najua nimepotea sana. Ni mambo ya testi, kazi za makundi, halafu na hii sapu inayonisubiri Jumatatu. Ila leo lazima niwape stori ya jinsi nilivyolala chini wiki mbili kwenye chumba changu mwenyewe, kwa sababu ya gari ambalo wala sijawahi kuligusa.

Kwa walioko nyumbani wasiojua maisha ya hosteli: mtu akikosa chumba, mwenzake "anambeba". Mimi nambeba jamaa yangu tunayemwita Babu, kwa vile anaongea polepole kama mzee wa baraza. Babu hulala kwenye godoro chini, mimi kitandani. Alikuja na begi moja, ndoo, na PlayStation 2 ya kaka yake. Hiyo mashine ni kongwe, lakini bado inasoma Gran Turismo 4 vizuri tu. Gemu lenyewe lilitoka Japani Desemba 2004, na lina magari zaidi ya 700. Ukilianza, usingizi unausahau.

Sasa mimi ni mtu wa nguvu. Nilipopata pesa za kwenye gemu nikanunua Dodge Viper SRT-10 ya 2003. Injini ya lita 8.3, silinda 10, nguvu za farasi 500. Babu yeye ana Subaru Impreza ya farasi 280 tu. Nikamcheka weee... Tukawekeana dau: tunaanza kwa kusimama pale Grand Valley, atakayefika kona ya kwanza akiwa mbele mara tano kati ya tisa, analala kitandani. Tairi wote S2, hakuna kubishana.

Bwana wee. Taa ikiwaka mimi nakandamiza X mpaka mwisho, injini inalia, moshi unatoka, mkia unakwenda kushoto, unakwenda kulia... Subaru imeshaondoka. Nikipata mwelekeo nakimbia kweli, lakini kona nayo hiyo hapo. Alinipiga 5 kwa 0. Usiku ule Babu alipanda kitandani bila kusema neno, akajigeuza ukutani, dakika mbili anakoroma.

Kesho yake nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Niliongeza nguvu! Nikaingiza pesa zote kwenye injini, Viper ikapita farasi 600. Tukarudia, nikapigwa tena 5 kwa 0, na safari hii gari lilizunguka mzima mzima likatazama nyuma. Washikaji wa chumba cha jirani walikuja kuangalia, wakacheka mpaka mlinzi akapiga kelele.

Ndipo Babu akanipa lile neno. Akasema, "Mwanangu, hata kusoma kwako ndiyo hivyo hivyo. Wiki ya kwanza ya semista moshi mtupu, wiki ya nne uko pale pale."

Iliniuma, jamani. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Semista iliyopita nilibandika ratiba ukutani ya kupiga msuli mpaka saa 9 usiku kila siku. Nikaishika siku sita. Halafu nikaumwa kichwa, nikalala, na somo lililoniletea sapu ni lile lile la mwendo wa mashine, lenye mambo ya msuguano. Msuguano! Kitu nilichokikariri tangu sekondari.

Kwa hiyo nilichukua karatasi. Sikuwa nasoma, nilikuwa natafuta kitanda changu.

Hesabu ilikuwa hivi. Viper ina uzito wa kama kilo 1,500, na karibu nusu yake imekaa nyuma, kwenye tairi mbili zinazosukuma. Kilo 750, yaani kama niutoni 7,500. Gari likiondoka uzito kidogo unahamia nyuma, tuseme ifike 9,500. Tairi la kawaida kwenye lami kavu linashika kwa kiasi kinachokaribiana na uzito uliolikalia. Sasa injini: inazungusha kwa niutoni-mita 700 na ushee, gia ya kwanza na difu vinaikuza kama mara 8, gawanya kwa nusu kipenyo cha gurudumu, sentimita 34. Nikapata zaidi ya niutoni 16,000.

Nikarudia nikidhani nimekosea. Ni hivyo hivyo. Injini inaleta 16,000, tairi zinapokea 9,500. Kilichobaki ni moshi. Na mbaya zaidi, tairi likishaanza kuzunguka bure linashika kidogo kuliko lisipoteleza, hata hizo 9,500 huzipati. Mimi nikaenda kuongeza farasi 100! Ni kama mtu ndoo yake imejaa, anafungua bomba zaidi. Subaru ya Babu inasukuma kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo uzito wake wote, kama kilo 1,400, unafanya kazi. Hakunishinda kwa bahati.

Basi nikaanza kuitengeneza Viper upya, usiku, sauti nimeifunga, nikiipima peke yangu kwenye jaribio la mita 400. Kwa wanaocheza, chukueni hii.

Kwanza, nikairudisha injini ilivyokuwa. Pili, nikanunua giaboksi ya kurekebisha, nikairefusha gia ya kwanza. Watu wengi wanasema gia fupi ndiyo inaondoka vizuri, na kwa kigari chenye nguvu ndogo ni kweli. Kwa Viper ni kinyume. Gia ndefu inapunguza msukumo unaofika kwenye tairi, na hulazimiki kubadili mapema, maana kila ukibadili unapoteza muda. Tatu, springi za nyuma nikazilegeza ili tairi zinazofanya kazi zishike lami vizuri zaidi. Nne, difu nikaikaza upande wa kukanyaga mafuta, ili tairi moja isizunguke peke yake nyingine ikitazama. Tano, TCS. Ukiiweka juu sana gemu linakukata nguvu mpaka gari linaondoka kama daladala limejaa. Nikaishusha mpaka 2.

La sita ndilo gumu: kidole. Vitufe vya pedi ya PS2 vinahisi mkandamizo, X ukiibonyeza nusu unapata mafuta nusu. Mimi miaka yote nilikuwa naiponda. Nikahamia kile kijiti cha kulia, nakisukuma kidogo, nashikilia mshale kwenye 3,000, taa ikiwaka naongeza taratibu mpaka gia ya pili, hapo ndipo namwaga yote. Ilinichukua siku nne kidole kutii. Muda wa mita 400 ukapungua zaidi ya nusu sekunde, na injini ile ile.

Jana usiku tukarudiana. Babu alichukua mbili za kwanza. Nikachukua tatu. Ikafika 4 kwa 4. Ya mwisho Subaru ilitoka mbele kama kawaida, sikuhangaika, nikaongeza mafuta taratibu, gia ya pili, ya tatu... nikampita mita chache kabla ya kona. Kelele nilizopiga, mlinzi alipanda juu kabisa.

Babu akacheka, akaanza kukunja shuka lake. Akasema tu, "Haya, mgongo wangu umepumzika wiki mbili, si haba." Hakusema kwa kulalamika. Lakini mimi nimelala kwenye lile godoro wiki mbili. Ni jembamba, ukigeuka unaisikia sakafu. Yeye amelilalia tangu semista ianze, na hajawahi kuniambia kitu, na asubuhi ndiye anayeamka wa kwanza kuchota maji ya wote wawili.

Nikamwambia tulale kwa zamu, wiki kwa wiki. Akabisha kidogo kwa heshima, halafu akakubali haraka sana, hahahaa.

Ratiba ya ukutani nimeibandua. Nasoma saa mbili kila jioni, basi, na hii ni siku ya tisa sijaruka hata moja. Sapu ni Jumatatu saa 3 asubuhi, na swali la msuguano likija nalijua kutoka moyoni. Tuombeane.

Alamsiki. Naandika nikiwa kwenye godoro, wiki hii ni zamu yake.