Baridi ya Meru

Kule Ulaya wana majira ya majani kupukutika. Sisi wa Arusha hatuna hayo. Masika yakiisha, tangu Juni hata Agosti, huja baridi. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hujifunika wingu tangu alfajiri, na mgeni aliyekuja kuutazama hurudi amenuna. Asinune! Aende Tengeru Jumamosi, siku ya gulio. Ataona maharage mapya, ndizi za kila namna, na akina mama waliojifunika mablanketi wakicheka huku meno yakigongana. Jioni kuna loshoro, yaani mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa ya mgando, huku moto ukiwaka mafigani.

Ni vitu vidogo, ndugu msomaji. Lakini mawingu yale yale anayoyalaumu mgeni ndiyo yanyweshayo migomba ya upande huu wa kusini. Upande wa kaskazini, kuelekea Longido, mvua haifiki kwa wingi. Katika ukame wa 2021 na 2022 mifugo mingi ilikufa huko. Basi mtu wa Tengeru akiamka na kukuta mlima hauonekani, humshukuru Mungu, akakoka moto. Mchana wingu likipasuka, watoto hukimbilia ukutani kuota jua.