Siku Kumi Mulenge: Wamama Wanaofundisha Wamama Kusoma



Wengi mlituuliza tulipoaga: mnaenda kufanya nini Mulenge? Huku Uvira tumezoea kulisikia jina hilo katika habari za vita kuliko katika habari za masomo. Tulikwenda kukaa siku kumi na wamama na wasichana kumi na wawili watakaofundisha wenzao kusoma na kuandika Kiswahili. Leo tunawasimulia maisha ya huko, na neno moja dogo lililotupa kazi kubwa.

Kutoka Uvira tulifuata barabara ya namba 5, ile ya kwenda Bukavu, tukaingia Bonde la Ruzizi. Kisha tukaiacha tambarare na joto lake, tukapanda milima ya upande wa magharibi, kwanza kwa pikipiki, halafu kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia. Ziwa letu lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, na Mulenge iko juu zaidi, kwenye milima ya Itombwe. Usiku wa kwanza tulijifunika vitenge vyote tulivyobeba.

Huko siku inaanza mapema. Saa kumi na moja alfajiri wamama wanateka maji, kisha wanashika jembe. Asubuhi tulipewa maziwa, mchana bugali wa muhogo na maharage. Ndagala tulizotoka nazo Uvira ziliisha siku ya tatu, maana kila jirani alitaka kuonja. Simu zilishika mtandao juu ya kilima tu. Kila jioni tulipanda huko kuuliza kama watoto wamekula na kama yule mdogo bado anakohoa.

Kwa kuwa asubuhi ni ya shamba, masomo yalikuwa alasiri, saa nane hadi saa kumi na moja. Ubao ulikuwa mbao mbili zilizopakwa makaa yaliyosagwa. Chaki ilipokwisha, tuliandikia kipande cha muhogo mkavu. Watoto wachanga walinyonya huku mama zao wakisoma silabi: ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kina wema huu kwa anayeanza: vokali ni tano, na neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Anayeweza kusoma Kiswahili anaweza pia kujaribu kuandika lugha ya nyumbani kwake kwa herufi zilezile.

Katika kundi letu walikuwemo wasemaji wa Kifuliiru na wa Kinyamulenge. Siku ya kwanza walikaa pande mbili bila mtu kuwaagiza. Vitabu vilikuwa sita tu, kwa hiyo tuliwapanga wawili wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule. Hatukutoa hotuba juu ya amani. Kila mmoja alimshikia mwenzake kitabu, na mtoto wa mmoja akalala kwenye mapaja ya mwingine.

Siku ya tano tuliandika ubaoni: «Mama ameuza mbuzi.» Tukauliza: sasa mbuzi yuko wapi? Nusu ya kalasi ilijibu kwamba mbuzi yuko kwa mama, amefungwa nyuma ya nyumba. Nusu nyingine ilisema mbuzi amekwenda, mama amebaki na pesa. Walicheka sana, kisha wakaanza kubishana.

Wote walikuwa na sababu. Katika vitabu, na kwa jirani zetu wa Tanzania, kuuza ni kutoa kitu na kupokea pesa, na kutoa pesa upate kitu ni kununua. Lakini huku Kongo wengi wetu tunasema kuuza tukiwa na maana ya kununua, na anayetoa kitu tunasema anauzisha. Binti mmoja akasema kwa huzuni, «Basi Kiswahili chetu ni kibovu.» Tukamjibu, hapana. Lugha hii ilivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na wafanya biashara wa karne ya 19, na bibi zetu wakaifanya ya soko na ya jikoni. Mwalimu asimwaibishe mwanafunzi kwa neno alilolipata kwa mama yake. Amwambie: nyumbani tunasema hivi, kitabuni wanaandika hivi, na wewe ujue yote mawili.

Hapo mama mmoja mjane alinyamaza. Kesho yake alileta karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Iliandikwa kwamba yeye «ameuza shamba», na chini alikuwa ametia kidole. Alilipata shamba hilo kwa mbuzi watatu na pesa taslimu, na analilima hadi leo. Lakini mtu akisoma karatasi ile kwa Kiswahili cha kitabu, ataelewa kwamba mjane ndiye aliyelitoa.

Kwa bahati nzuri mzee aliyempa shamba alikuwa hai. Wanafunzi wetu wakaandika karatasi ya pili kwa mikono yao: nani ametoa shamba, nani amelipokea, amelipa nini, mipaka ni ipi. Wakaisoma kwa sauti mbele ya mzee, mashahidi na mkubwa wa kijiji. Mjane aliandika jina lake mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Tangu 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo katika shule za umma, na watoto wengi wakaingia. Mama zao wengi hawakupata nafasi hiyo, na ndio wanaotia kidole kwenye karatasi za mashamba, za mikopo na za hospitali.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu wiki hii. Mwambieni kila mama alete karatasi zake, zisomwe kwa sauti na mtu anayemwamini. Mkiandikiana, msitegemee neno «kuuza» peke yake: andikeni nani ametoa, nani amepokea, na kiasi gani. Na asiyejua kusoma asichekwe.

Wale kumi na wawili wameanza kufundisha, alasiri mbili kwa juma. Wanahitaji madaftari, kalamu na chaki. Mwenye chochote akilete siku ya mkutano, kitapanda mlimani na watakaotangulia.